Msimamizi Ndani ya Tangi la Kuloweka

Viti ndivyo vilivyotangulia kuondoka. Mama Jana anaikumbuka hata siku: ilikuwa Jumatatu, vikabebwa viwili viwili, wapiga pasi wakaambiwa vinakwenda kupakwa rangi. Miaka kumi na mmoja sasa, rangi hiyo haijakauka. Ndiyo maana wenzake pale kiwandani, wanapofua na kunyoosha shuka za mahoteli, wakambandika jina hilo: dhuluma ya jana kwake ni mbichi leo.

Baada ya viti kikaja kibao. Kipande cha mbao kwenye msumari. Bila kukishika huendi chooni. Wanawake kumi na wanane wa kusimama kutwa, kibao kimoja! Wakatafuta dawa, na dawa ikazidi ugonjwa: wakaacha kunywa maji. Siku moja wifi yake Mama Jana, mke wa kaka yake, akaporomoka mbele ya pasi kama shuka iliyokatika kambani.

Mama Jana akapiga kelele mpaka ofisi ikatoa dakika kumi za kulala adhuhuri, miguu juu ya mafurushi. Kuzimia kukakoma. Lakini kila wakiinuka, nusu yao walikitaka kibao kwa mpigo. Hapo ndipo msimamizi, waliyemwita Bwana Saa kwa kuitazama saa kuliko watu, alipokuja na karatasi.

"Maji hamjanywa, mkojo mnautoa wapi? Huu ni mgomo wa kibofu! Tieni sahihi kwamba mmedanganya, na kulala kumekwisha. Asiyetaka, lango analijua."

Wifi alikuwa keshashika kalamu. Mama Jana akaikamata.

"Tulia, wifi. Bwana Saa, kabla ya hapa nilisafisha vizimba vya kima kwa watafiti. Umewahi kumwona kima kwa karibu?"

"Ninaye mmoja mbele yangu."

"Basi tuko wawili, maana moyo wako na wangu na wake ni wa ukoo mmoja." Wanawake wakaguna kwa raha. "Ukisimama, damu inazama miguuni. Moyoni kuna neva zinazopima: zikiona umepwaya, zinapeleka habari kwenye ubongo kwamba damu imepungua, na figo zinaamriwa zishike maji. Ukilala, damu inarudi kifuani, moyo unatanuka, neva zinasema kumejaa, figo zinafungulia. Hatukunywa; ni maji ya mwilini yaliyokuwa yamezuiliwa. Kima walitiwa majini mpaka shingoni, maji yakaisukuma damu juu, wakakojoa bila kuonjeshwa tone. Mmoja alikatwa neva za moyoni. Huyo alichelewa, tena akatoa kiduchu. Nilifuta chini yake mimi mwenyewe, na macho yake sijayasahau."

"Hadithi."

"Tangi la kuloweka lile pale, maji vuguvugu. Nenda chooni kwanza, ujikamue. Kisha ukae humo saa nzima ya chakula, mdomo mkavu. Ukitoka huna haja, mimi natia sahihi ya kwanza."

"Anaogopa maji huyo," akadakia mtu nyuma ya mafurushi.

Mwanamume mwenye kiburi humvuti kwa kamba, mcheke tu. Bwana Saa akaenda chooni, akarudi, akavua viatu na koti, akaingia na suruali yake. Kichwa kikaelea juu ya maji kama sufuria iliyosahaulika.

Robo saa ya kwanza alipiga mluzi. Nusu saa, mluzi ukafa. Mama Jana alikuwa amesimama kando, akijiuliza: je, kama kumbukumbu yake safari hii imemdanganya? Riziki za watu kumi na wanane zilikuwa juu ya kima waliokufa zamani. Dakika ya arobaini na tano, Bwana Saa akabana magoti. Dakika ya hamsini, akaruka nje, maji yakimchuruzika, akatimka mpaka kwenye msumari.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Kibao anacho wifi," Mama Jana akasema kwa upole. "Ameingia chooni sasa hivi. Kanuni ni kanuni, mzee wangu, zamu yako itafika."

Bwana Saa akasimama pale mguu mmoja juu ya mwingine, akitazama mlango wa choo badala ya saa. Wifi alipotokea, hakumnyang'anya. Alipokea kibao kwa mikono miwili.

Aliporudi hakukitundika. Alikiacha juu ya meza, akaichukua karatasi yake kwa vidole vilivyolowa, akaikunja.

"Dakika kumi zibaki," akasema akiangalia sakafu. "Na choo... nendeni tu."

"Andika," akajibu Mama Jana. "Na viti?"

"Viti nitauliza."

"Utauliza lini?"

"Kesho."

"Nitakukumbusha." Na hapo hata yeye Bwana Saa akacheka, maana alijua ni kweli.

Wifi alijaza jagi bombani. Akanywa bilauri nzima, ya kwanza kazini tangu kibao kije, akajaza ya pili, akampa Mama Jana.