Komeo la Kushoto

Kazini walimwita Chuma, na jina hilo alilipata juu ya nguzo. Alikuwa fundi wa njia za umeme, wa kupanda nguzo, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne, na siku moja nguzo iliyooza chini ilianza kulala yeye akiwa juu yake. Wenzake walitawanyika wakipiga kelele. Yeye aliteremka hatua kwa hatua, akafungua mkanda, akaomba maji ya kunywa. Tangu hapo hakuna fundi aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Jina lilimfuata mpaka nyumbani. Alikuwa na miaka miwili tangu amuoe mpokea wagonjwa wa kliniki moja ya meno, mwanamke mwenye binti wa miaka kumi. Binti huyo walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Kasuku alimwita Chuma Anko, kwa adabu, kama mtu anavyomwita mgeni aliyechelewa kuondoka. Na Chuma alikuwa amechoka na adabu. Alitamani mtoto amzoee, amsumbue, hata amnunie, ila hakujua mambo hayo huanzia wapi.

Ndiyo maana Kasuku alipoomba nyoka, wakiwa mezani wanakula, Chuma hakukataa.

"Ni chatu wa kufugwa, wale wadogo," Kasuku alisema. "Hana sumu. Akiogopa anajiviringisha tu kama mpira. Mwalimu ametuonyesha video."

Mama yake aliweka kijiko chini. "Nyoka ndani ya nyumba? Muulize Anko."

Kasuku akamgeukia. Macho yake safari hii hayakuwa na adabu hata kidogo, yalikuwa yanaomba. Toka utotoni Chuma hakuweza kumtazama nyoka hata kwenye kitabu. Akikutana na picha yake alifunika ukurasa kwa kiganja. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na mkewe alikuwa wa mwisho ambaye angemwambia.

"Nyoka ni kitu gani?" alisema. "Mtu anashika waya wenye moto, atashindwa na nyoka?"

Jumamosi wakaenda kwa mfugaji wa nyoka. Alikuwa mama mtu mzima aliyewahi kuuza dawa, na chumba chake cha nyuma kilipangwa kama duka la dawa kweli: masanduku ya kioo kwenye rafu, kila moja na karatasi yenye tarehe ya mlo wa mwisho.

"Anayetia sahihi ni wewe, baba," alimwambia Chuma. "Mtoto atacheza naye, atamlisha, vizuri. Lakini mwenye nyoka ni mtu mzima. Mtoto akiugua au akichoka, nyoka ni wako."

Chuma akatia sahihi. Kisha yule mama, bila kumuuliza, akamlaza nyoka kwenye viganja vyake. Alikuwa wa kahawia mwenye madoa ya manjano, urefu wa mkono wa mtu. Chuma alihisi kitu kikitembea chini ya ile ngozi, na jasho likamtoka mgongoni.

"Simu yangu inaita," akasema. Akampa Kasuku nyoka, akatoka nje, akasimama uani akizungumza kwa sauti na simu iliyokuwa imezimwa.

Sanduku liliwekwa sebuleni kando ya televisheni, kwa kuwa chumba cha Kasuku kilikuwa kidogo. Kifuniko chake kilikuwa na makomeo mawili ya chuma, moja kila upande. Tangu siku hiyo Chuma alianza kukaa sebuleni na buti za kazi. Mkewe akimuuliza, anasema miguu inapata baridi. Aliacha kutazama mpira, akidai timu yake imemuudhi. Na zamu yake ya kubadilisha maji ilipofika, alisubiri nyumba iwe tupu, akavaa zile glovu nene za mpira za kushikia nyaya, zinazofika kiwikoni, akatoa bakuli huku ameangalia ukutani. Nyoka naye kila alipoziona glovu alijikunja na kuficha kichwa. Chuma hakuliona hilo. Alikuwa anaangalia ukuta.

Alhamisi moja alikuwa na mapumziko. Asubuhi Kasuku alimshika nyoka kidogo kabla ya shule, akamrudisha, akaondoka mbio na begi mgongoni. Mama yake alikuwa ameshatangulia kliniki. Mchana Chuma akavaa glovu, akafungua kifuniko. Alipoingiza mkono, nyoka akainua kichwa na kukielekeza kwake. Hakufanya zaidi ya hapo. Bakuli lilimponyoka, na alipokuja kupata fahamu vizuri alikuwa nje, kwenye uwanja wa nyuma, na glovu zake mikononi, mbele ya jirani aliyekuwa akianika nguo.

"Vipi, kuna moto?" jirani akauliza.

"Nafanya mazoezi," Chuma akajibu.

Akakaa kwenye kizingiti mpaka mapigo ya moyo yakatulia. Kilichokuja baada ya hofu kilikuwa hasira. Mwanaume mzima amekimbizwa nyumbani kwake na kitu kisicho na miguu. Akarudi ndani, akamkuta nyoka yuko palepale sandukuni. Akalirudisha bakuli, akashusha kifuniko. Akafunga komeo la kulia. Mkono ukaenda kwenye la kushoto, ukatulia juu yake kidogo, kisha akauondoa bila kulifunga. Upande huo kifuniko kilikaa wazi, upana wa vidole viwili. Akaacha na mlango wa jikoni wazi kidogo, unaotokea uani, akaenda kunyoa nywele ambazo hazikuwa ndefu.

Njiani alijaribu kujiambia kwamba amesahau. Hakuweza kujidanganya.

Aliporudi jioni, aliwasikia kabla hajafika mlangoni. Kasuku alikuwa amelala kifudifudi akichungulia chini ya kochi, analia. Mama yake amesimama mkono kiunoni.

"Nani wa mwisho kufungua hili sanduku?"

"Mimi," Kasuku akasema. "Asubuhi. Lakini nilifunga, mama. Nadhani nilifunga."

"Unadhani? Unajua huyo mnyama yuko wapi sasa? Unajua jirani ana mtoto mchanga?" Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe hukubadilisha maji leo?"

"Hapana," Chuma akasema. "Sikugusa."

Neno lilitoka jepesi tu. Akampigia yule mama mfugaji, kwa sababu ilimlazimu afanye jambo fulani, na mtoto akasimama karibu yake akisikiliza.

"Imekuwaje?" mfugaji akauliza.

"Mtoto alisahau kufunga komeo moja," Chuma akasema.

Kasuku aliinamisha kichwa, akaitikia kwa kutikisa, kama mtu aliyesomewa kosa lake akalikubali. Chuma alikumbuka kutikisa huko maisha yake yote.

Mfugaji alisema nyoka haendi mbali. Anatafuta mahali penye joto, giza na wembamba. Wakafunga milango, wakatafuta ndani ya viatu, nyuma ya kabati, kwenye mapazia. Ijumaa Kasuku hakuongea. Mtoto aliyekuwa akisimulia hata ndoto za wenzake alikula kimya, akaosha sahani yake, akaendelea kutafuta. Jumamosi alimwendea mama yake akamwambia kwa sauti ndogo, "Lirudisheni sanduku. Mimi siwezi kutunza kitu."

Chuma alikuwa mlangoni. Aliyasikia maneno hayo yote. Akaenda kuosha pikipiki iliyokuwa safi.

Jumapili asubuhi mama na binti walikwenda sokoni. Chuma akabaki. Alijikaza, akaanza kufikiria nyumba kama fundi: joto linatoka wapi humu? Akavuta friji, akamulika nyuma kwa tochi. Pale chini, kwenye nafasi kati ya mashine yake na bati, palikuwa na kitu cha mviringo, kahawia, chenye madoa ya manjano.

Akaenda kuchukua glovu. Hazikupenya. Akajaribu na mwiko, mwiko ulikuwa mfupi, na alipomgusa nao nyoka alijikaza zaidi. Akazima friji, akakaa sakafuni. Alikaa hapo muda mrefu, tochi ikimulika, na kwa kuwa hakukuwa na ukuta wa kuangalia, akamwangalia nyoka. Kichwa kilikuwa kimefichwa katikati ya mwili. Kila Chuma aliposogea, ule mpira ulibana. Vumbi lilikuwa limemganda mgongoni. Siku tatu alikuwa amejibana hapo, na aliyemfikisha hapo alikuwa amekaa mbele yake.

Akavua saa, akaingiza mkono mtupu.

Ngozi ilikuwa kavu na yenye joto la mashine. Akafumba macho, akafumbua tena kwa sababu kufumba kulizidisha. Akamtoa polepole, akampakata kifuani juu ya shati, asijue afanye nini kinachofuata. Kuinuka hakuweza, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hivyo ndivyo walivyomkuta.

Kasuku aliangusha mfuko wa vitunguu. "Anko, umempata."

Akapiga magoti, akamfuta nyoka vumbi kwa kidole, kisha akamkumbatia Chuma shingoni, akamwachia machozi kwenye kola. Katika miaka miwili hakuwahi kumkumbatia. Chuma aliangalia juu ya bega la mtoto, akakutana na macho ya mkewe yaliyojaa shukrani, na akatamani sakafu ipasuke immeze.

Jirani aliambiwa. Kliniki nzima iliambiwa. Jumatatu dereva wa gari la kazi, ambaye mkewe husafisha meno hapo hapo, alimpiga begani: "Chuma, nasikia sasa unatoa nyoka kwenye friji kwa mkono." Chuma alicheka kidogo, chakula cha mchana kikamshinda. Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na aliyemvisha alikuwa mtoto aliyebeba kosa lake.

Jioni hiyo alimkuta Kasuku mezani akifanya hesabu. Juu ya daftari alikuwa amebandika karatasi: FUNGA MAKOMEO. HAKIKISHA. HAKIKISHA TENA.

Chuma akavuta kiti. "Hiyo karatasi itoe," akasema. "Wewe ulifunga. Mimi ndiye niliyefungua."

Kasuku aliinua macho. "Ulisahau?"

Njia ya kuponea ilikuwa wazi mbele yake, pana kabisa. "Hapana. Niliacha makusudi. Nilitaka aondoke. Ninaogopa nyoka, naogopa sana, na niliona haya kusema."

Mtoto aliyapanga mambo kichwani, moja baada ya jingine. "Na nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukampigia yule mama ukamwambia ni mimi."

"Ndiyo."

Kasuku akaitoa karatasi, akaikunja, akafunga daftari, akaenda chumbani kwake. Hakupiga mlango. Chuma angefurahi kama angeupiga.

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amesikia yote. "Nilimgombeza mwanangu mbele yako," akasema. "Ukanitazama nikimgombeza." Hakusema zaidi, wala hakuongea naye mpaka Jumatano.

Jumanne Chuma alimpigia mfugaji, akamweleza ukweli wote. Mkewe na Kasuku walikuwa sebuleni wakati anapiga, hakutoka nje. Yule mama akauliza kama nyoka amekunywa maji. Mwisho akasema, "Weka mkono ndani kila siku, dakika kumi. Usimshike. Mwache akuzoee, na wewe umzoee. Ukiweza kuhesabu, hesabu."

Akaanza. Kila akitoka kazini alinawa, akakaa mbele ya sanduku, akaingiza mkono, akahesabu mpaka mia sita. Wiki ya kwanza aliutoa mkono umelowa jasho. Wiki ya tatu nyoka alipita juu ya vidole vyake kwenda zake, na Chuma akapoteza hesabu, akaanza upya. Kasuku alipita nyuma yake bila neno. Akilazimika kusema, alisema kwa ajili ya nyoka: "Usimguse kichwa." "Amekula jana, mwache." Ile adabu ya zamani ilikuwa imekwisha, na Chuma aliona ni haki yake. Hakuna siku aliyoingiza mkono mle asione kile kichwa cha mtoto kikitikisika kukubali kosa.

Ulipita mwezi na nusu. Siku moja akiwa anavua buti mlangoni alimsikia Kasuku akiita kutoka sebuleni. "Anko. Njoo hapa."

Nyoka alikuwa anajivua gamba. Lilikuwa limetoka karibu lote, jembamba kama karatasi ya nailoni, ila lilinasa karibu na mkia. Kasuku alikuwa na kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu.

"Mtu mmoja hawezi," akasema. "Mshike katikati, mimi nilainishe huku."

Chuma akanawa mikono, akaketi sakafuni, akampokea nyoka kwa viganja vyote viwili. Moyo ulikuwa bado unamwenda mbio. Kasuku aliinama, akaanza kukanda gamba kwa kitambaa, taratibu, uso wake karibu na mikono ya Chuma.

"Unatetemeka," akasema, bila kuinua macho.

"Ndiyo."

"Basi tetemeka polepole. Usije ukamvuta."