Mbao Alizoacha Marehemu

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Manyunyu yalianza kabla ya jua kuchomoza, yakakatika, yakaacha ubaridi karakana nzima. Seremala alifungua mlango akiwa bado anasali kimoyomoyo, akimwomba Mungu aibariki kazi ya siku. Alipowasha taa, akaiacha sala katikati.

Meza ya shangazi yake ilikuwa ya kahawia iliyokoza, kama imemwagiwa chai ya rangi.

Mbao zake zilikuwa za mninga. Mume wa shangazi alizipasua mwenyewe, akafariki kabla hajazitumia. "Nataka nizione kama alivyoziacha," shangazi alisema. Basi seremala akajaribisha kwenye vipande. Mafuta yaliuongezea mninga wekundu. Vanishi ya kawaida iling'aa mno, shangazi akacheka: "Hii ni meza au kioo cha kinyozi?" Ila vanishi ya maji, ile isiyong'aa, iliuacha mninga kuwa mninga. Shangazi alikipapasa kile kipande. "Hii hii, mwanangu."

Jana seremala alikwenda msibani, akamwachia mdogo wake kazi ya kupaka. Alimwamini kama mkono wake wa kulia, maana alimfundisha mwenyewe hata kushika randa.

Mdogo mtu aliingia akipiga mluzi.

"Kaka, umeiona? Siku hizi watu wanataka rangi."

"Shangazi ndiye watu?"

"Atazoea, bwana."

Seremala alipitisha kiganja juu ya meza. Ubao wa katikati ulikuwa na mabaka. Mninga haunywi rangi namna hiyo. Akachukua kisu, akakwangua kidogo. Chini pakatokea weupe.

"Hii paina," alisema polepole. "Ubao wa marehemu uko wapi?"

Mdogo mtu alirudi nyuma hatua moja. "Kuna jamaa aliung'ang'ania, anatengeneza mlango. Nikaung'oa, nikamuuzia. Ni mmoja tu, kaka. Nikajua rangi itaficha."

Seremala aliketi juu ya benchi. Angeibiwa na mtu baki, angepiga kelele. Huyu walilala kitanda kimoja utotoni.

Hodi ikapigwa. Shangazi aliingia na mama mshona nguo wa chumba cha pili, aliyekuja kuiona meza.

"Mbona giza hivi?" shangazi aliuliza.

Mdogo mtu alimkazia kaka yake macho ya kusihi. Ingetosha kusema wamekosea kopo. Seremala akaeleza yote.

Shangazi hakupaza sauti. Alimtazama yule mdogo. "Nimekubeba mgongoni. Ungeniomba, ningekunyima?"

Seremala akasimama, akaweka mkono juu ya meza.

"Shangazi, huyu mama ni shahidi, na Mungu ananisikia. Nitaikwangua rangi hii yote. Leo hii tunakwenda mimi na mdogo wangu kwa huyo jamaa, na yeye hatashika brashi humu mpaka ubao wa mumeo urudi mahali pake."