Rangi ya Kucha ya Ardith

Hakuna kisa cha bonde la Kettle Fork kinachompita mwanamke anayekusimulia haya. Kila kilichotokea kule tangu barabara iwekwe lami anacho kichwani, na siku yake. Isipokuwa kile cha mume wake na mwenye duka la chambo, ambacho alikuja kukisikia wa mwisho, hata mbwa keshajua. Hicho tukiache. Cha Delmar Nygren anacho chote.

Delmar alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, mikono mipana kama koleo. Ndiye wa kwanza bondeni kuichukua pikipiki ya matope, akaing'oa magurudumu yote mawili, mbele akafunga ubao mmoja wa kuteleza na nyuma mkanda mpana wa mpira wenye meno ya kuichimba theluji. Leo kila kijana anayo. Lakini kila kijana ilibidi apite kwanza gerejini kwa Delmar, avue kofia, aseme tafadhali.

Mbele ya mkahawa wa dada yake, Verna, kuna mteremko mtupu usio na mti, jina lake Shavu. Theluji mpya ikishaanguka na anga ikatakata, wanaume na wanawake hupanda Shavu kwa pikipiki zao, mmoja mmoja, moja kwa moja kwenda juu, mpaka nguvu ziishe na mtu ageuze. Pale alipogeuzia hubaki alama kama upinde. Mwenye alama ya juu hukaa kwenye kiti cha kando ya jiko la kuni mkahawani, na kahawa humiminiwa yeye kwanza, hadi theluji nyingine ije kufuta. Ni hivyo tu. Hakuna kikombe wala medali. Lakini Delmar alikuwa amekikalia kiti kile majira tisa ya baridi, na mto wake alikuwa amekwisha kuuleta kutoka nyumbani.

Sasa akatokea Marlys, binti wa Verna, miaka ishirini na sita, mwepesi kama paka. Kila alichokijua alifundishwa na mjomba wake. Mwezi wa kumi Delmar mwenyewe ndiye aliyemfungia mkanda: cheni moja kutoka kwenye injini hadi shafti ya kati, na ya pili ndani ya boksi lenye oili, inayozungusha ekseli ya mkanda. Nje ya boksi kuna bolti ya kuikaza ile cheni ya pili. Ikilegea, cheni huruka meno.

Delmar alikuwa na mtindo wake. Akishakaza bolti, huchukua rangi ya kucha ya marehemu mkewe, Ardith, zambarau iliyoiva ambayo siku hizi haiuzwi popote, akachora mstari kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye boksi. Bolti ikizunguka, mstari unakatika, na mtu anajua. Kichupa kilikaa mfuko wa shati, kifuani, kwa sababu baridi huifanya rangi kuwa nzito kama asali. Bonde zima liliijua rangi ile. Watu walikuwa wakisema, "Angalia kucha za Ardith kabla hujapanda."

Jumapili moja ya mwezi wa pili Marlys akageuza chini kidogo tu ya alama ya Delmar. Urefu wa pikipiki mbili. Mkahawani, Orval Pitkin, mzee asiye na meno wala haya, akaanza.

"Delmar, huo mto wako unafuliwa lini? Mtoto asije akaukalia na jasho lako."

"Aanze kunifikia kwanza."

"Kakufikia kwenye kisigino, ndugu yangu. Wiki ijayo atakufikia kwenye kiuno, na kiuno chenyewe kibovu."

Watu wakacheka. Marlys naye akacheka, akamshika bega mjomba wake. "Usijali, Mjomba. Nikikaa mimi, nitakuwa nakuachia dakika tano upashe moto miguu."

Alisema kwa mapenzi. Hilo ndilo lililomchoma Delmar. Tusi angelijibu, mapenzi yale yalimvua nguo mbele za watu.

Ijumaa theluji ikamwagika, na Jumamosi adhuhuri pikipiki ya Marlys ilikuwa gerejini kwa Delmar, kama kawaida, maana ukiiacha nje mkanda hugandia ardhini. Delmar alikuwa peke yake. Akaizunguka mara mbili. Akajiambia hataki baya; anataka cheni iruke meno pale kwenye mwinuko mkali, mtoto apoteze nguvu, ashuke taratibu, watu wacheke kidogo upande wa pili. Akachukua spana. Akalegeza nati inayoizuia bolti, akairudisha bolti mizunguko miwili na robo, akafunga nati.

Kisha mkono, ambao kwa miaka tisa haukuwahi kuiacha bolti bila mstari, ukaenda mfukoni, ukafungua kichupa, ukapaka. Yeye mawazo yake yalikuwa kwenye kile kiti. Akazima taa, akaenda kula.

Jumapili asubuhi anga ilikuwa kama sahani iliyooshwa. Chini ya Shavu wakajipanga mstari, kila mtu akahakikisha kidude chake cha kifuani kinalia, kile cha kutafutia mtu akifukiwa. Marlys akapiga goti kando ya pikipiki, akafuta theluji kwenye boksi kwa kidole gumba, akaangalia, akainuka ameridhika.

"Kucha za shangazi ziko sawa!" akapaza sauti. "Mjomba, tangulia. Heshima kwa wazee."

Delmar akatangulia. Alipanda vizuri, hilo lazima lisemwe. Akageuza juu kuliko mwaka wowote, akashuka. Marlys akafuata. Injini yake ililia sauti moja, nyembamba, bila kuyumba, akavuka mwamba wa katikati ya mteremko, akavuka mahali alipogeuza wiki iliyopita. Orval, darubini mkononi pale dirishani mwa mkahawa, alikuwa akihesabu kwa sauti.

Cheni haikuruka meno. Ilichomoka kabisa, ikajikunja ndani ya boksi, ikakwama. Mkanda ukasimama ghafla kama ng'ombe aliyeona nyoka. Pikipiki ikasimama wima kwenye ule mwinuko, ikapinduka kinyumenyume, ikamwangukia Marlys, ikashuka naye mita sabini ikimpita juu, naye akiipita juu, hadi kwenye mawe.

Delmar alisimama chini. Kabla hajakimbia, kabla hajapiga hata hatua moja, aliinua macho kwanza kuangalia alama. Yake ilikuwa bado juu, kwa urefu wa mtu mmoja aliyelala. Ndipo akakimbia.

Goti la kulia lilikuwa limesagika. Walimshusha kwa machela ya kuburuta, na helikopta ikampeleka mjini. Madaktari waliweka vyuma hadi wakachoka, wakasema kutembea atatembea, kwa fimbo, pikipiki asahau.

Jumanne Delmar akaenda kumwona, na pai ya tufaha ya kununua. Akakaa kitandani, upande wa mguu mzima.

"Nilikufundisha nini, binti? Kabla ya kupanda?"

"Kuangalia bolti, Mjomba."

"Na hukuangalia."

"Niliangalia. Mstari ulikuwa mzima. Nilifuta hata kwa kidole."

Hapo Delmar akajiuliza: Mstari gani? Akauona mkono wake Jumamosi ile gerejini, ukifungua kichupa, ukipaka. Akafanya kile ambacho hata shetani angepumzika kidogo kabla ya kukifanya.

"Uliona ulichotaka kuona. Ulikuwa na haraka ya kiti changu. Sasa umevunja mguu na umeniharibia jina, watu watasema Delmar hajui kufunga mkanda."

Marlys akalia. Akamshika mkono. "Nisamehe, Mjomba. Kweli, nisamehe. Nitawaambia ni makosa yangu."

"Waambie," akasema Delmar, akampigapiga kiganja, akakata kipande cha pai, akakila mwenyewe.

Kutoka pale alikwenda mbio hadi kituo cha waokoaji, walikoipeleka pikipiki, kitambaa na mafuta ya kusafishia rangi garini. Pikipiki haikuwepo. Mama mtu ameshaichukua, wakamwambia.

Alhamisi Delmar akaingia mkahawani. Kwenda aliogopa, kutokwenda aliogopa zaidi. Theluji mpya ilikuwa haijaanguka, basi kiti kilikuwa chake. Akakalia mto wake. Verna akammiminia kahawa wa kwanza, kama desturi, bila kumwaga hata tone.

"Marlys ananiambia ni makosa yake," Verna akasema.

"Usimgombeze, dada. Bado mtoto."

"Kwani wewe uliigusa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa kumi. Nilipoifunga."

"Baada ya hapo hukuweka mkono?"

"Hata kidole. Naapa kwa kaburi la Ardith."

Orval akaacha kutafuna. Verna akaenda jikoni, akarudi na lile boksi la cheni limefungwa kwenye taulo la vyombo, akaliweka mezani kando ya kikombe. Alikuwa ameliosha kwa maji ya moto na sabuni, mafuta na barafu vyote vimetoka, likang'aa kama sufuria ya harusi. Kwenye boksi kulikuwa na nusu ya mstari wa zamani, umefifia, na nusu yake ya pili iko kwenye kichwa cha bolti, imegeukia upande mwingine kabisa. Robo mzunguko. Pembeni yake palikuwa na mstari wa pili, mpya, mzima, zambarau iliyoiva.

"Ardith kapaka mara mbili," Orval akasema polepole. Hakuna aliyecheka.

"Huo si wangu," Delmar akasema. "Mtu yeyote anaweza kununua rangi."

"Hiyo haiuzwi, Delmar. Niliizungukia maduka yote nikimtafutia Ardith mwenyewe akiwa mgonjwa."

"Basi mtu kaniibia! Mimi kichupa changu kilikwisha tangu Krismasi. Nilikitupa. Muulize yeyote."

Verna hakumuuliza yeyote. Wala hakunyoosha mkono. Aliketi mkabala naye, akakunja mikono juu ya meza, akamtazama kifuani. Orval naye akatazama pale pale, kisha meza ya pili, kisha watu wote waliokuwa mkahawani, hadi Delmar mwenyewe akainamisha kichwa kuona wanatazama nini.

Mfukoni mwa shati, kwa ajili ya joto, kifuniko cheupe cha kichupa kilikuwa kinachungulia.