Samli Iliyokwama Mpakani

Baba yangu, Haji Shafiq, aliponiruhusu nifungue tawi la Kuwait alinipa Idi moja tu ya kujaribu. "Ukiharibu, Rudayna, funga mlango urudi Amman ukae na mama yako." Yule mzee hasemi jambo mara mbili. Na kuliko kurudi Amman nikachambuliwa na mashangazi kama mchicha, nilikuwa radhi nife.

Sisi ni watu wa maamuli, vile vibiskuti vya tende ambavyo Idi bila hivyo si Idi. Biashara ilivuka mipaka, lakini akili yake ikabaki nyumbani. Kuwait, Doha na Muscat, sote tulingoja Amman iseme. Ukitaka kubadili sanduku, muulize baba. Ukitaka tende nyingine, muulize baba. Kaka yangu Wasif, anayekaa mlangoni pa ofisi ya baba, aliupenda sana utaratibu huo. "Mwili mmoja, kichwa kimoja," alisema kila nikilalamika. Yeye alijiona shingo, bila shaka.

Na samli ndiyo usiseme! Ilinunuliwa kwa mtu mmoja tu, Abu Nayif, mfugaji wa kondoo kule jangwa la Mafraq. Babu yangu alikula mkate na chumvi na babake Abu Nayif, ndiyo kuapiana udugu, akatoa neno kwamba samli ya mtu mwingine haitaingia jikoni mwetu. Kwetu neno likitoka halirudi. Siku moja nilimuuliza baba, "Na kondoo wakifa je?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu.

Ramadhani ya mwaka huu ushirika mmoja wa maduka hapa Kuwait uliniagiza maamuli ya kujaza rafu zake zote kwa Idi. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Tende zikaja, unga ukaja, masanduku yakaja. Samli haikuja.

"Lori liko mpakani, binti yangu," Abu Nayif aliniambia kwenye simu. "Inshallah kesho."

Kesho yake nikapiga tena. "Watu wa forodha wana mambo yao. Inshallah kesho."

Ngojangoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa na saumu juu yake. Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia nikampigia baba. Akapokea Wasif.

"Baba yuko itikafu, kajitenga msikitini kwa ibada. Simu kaiacha kwenye droo."

"Basi wewe niruhusu ninunue samli hapa."

"Mimi? Wallahi, siwezi. Msubiri atoke."

"Atatoka mwezi ukiandama, Wasif! Idi itakuwa kesho yake! Nitawauzia watu nini, masanduku matupu?"

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

"Utaratibu wako uchemshe unywe," nikasema, nikamkatia. Mungu anisamehe, nilikuwa nimefunga.

Nikakaa juu ya gunia la unga nikalia. Fundi wangu mkuu, Gharib, Mmisri mwenye maneno kama redio, alikuja akasimama mbele yangu. Kisha akasema, "Bibi mkubwa, ukimaliza kulia niambie, maana tanuri halikandi unga."

"Kanda wewe. Kwa samli gani?"

"Mama Dhari wa Jahra, hapo nje ya mji, anayo. Ya kondoo, ya jangwani. Jirani zako wote wanapikia hiyo. Wewe tu ndiye unayengoja ya mpakani."

Nilimjua Mama Dhari. Niliwahi kuila samli yake kwa watu, nikajifanya sijaipenda. Gharib akampigia, na jioni ile, baada ya futari, alikuja mwenyewe na kopo. Gharib akakanda kidogo, akaoka, tukaonja. Gharib akachukua cha pili, nami nikachukua cha tatu.

Nikapiga moyo konde, nikamwagiza Mama Dhari makopo yake yote, liwalo na liwe. Nilipofungua kopo la kwanza nilijua ninavunja neno la babu aliye kaburini. Lakini tulikanda, tukajaza tende, tukaoka, na mchana wa kuamkia Idi gari la mwisho la ushirika likaondoka limejaa.

Mwezi ulipoandama tu, simu ikalia. Baba.

"Uko hai?" akauliza kwa ukali.

"Niko hai, baba. Idi njema."

"Nimetoka msikitini, droo inalia kama zizi. Doha wamepiga, Muscat wamepiga, kila mmoja ananiuliza afanye nini, samli haijafika. Wewe umepiga mara moja ukanyamaza. Nimesema huyu mtoto kafa!"

"Nilikuwa naoka, baba."

"Kwa samli gani?"

Nikamwambia yote. Huku namwambia, nikaanza kuvifungasha vitu vyangu kichwani.

"Doha na Muscat hawajaoka hata kimoja," akasema. "Wametii." Akapumua. "Tawi ni lako. Nunua unapoona pana usalama. Ila neno ni la babu yako, na umelivunja wewe. Abu Nayif utamwambia mwenyewe, nami nasikiliza."

Akamuunganisha Abu Nayif kwenye simu ileile. "Ami," nikasema, "nisamehe. Nimenunua samli kwa mtu mwingine. Na mwakani nitanunua tena."

Nikasikia mzee analia. Loo, nilitamani ardhi inimeze!

"Alhamdulillah," akasema. "Alhamdulillah, mwanangu! Hakuna lori. Halikutoka kabisa. Mvua imekataa, kondoo wangu nusu wamekufa, waliobaki ni mifupa. Samli ya kuwatosha ninyi nyote sina tangu mwaka jana. Nilikuwa nanunua kwa jirani nawaletea, na sasa hata jirani hana."

"Kwa nini hukusema, ndugu yangu?" baba akauliza.

"Neno la wazee, Haji. Nililionea haya neno la wazee, nikasingizia forodha."

"Hata mimi," baba akasema. "Nilihofia kondoo wako tangu binti huyu aliponiuliza. Nikaona haya kukuuliza."

"Utaniletea uliyonayo, ami," nikasema. "Kopo moja likipatikana, lete kopo moja."

"Tangu Rajabu sijalala usingizi wa maana," Abu Nayif akasema. "Leo nitalala."

"Lala, ami," nikamwambia. "Nami naenda kulala."