Puri za Kaka Gendalal

Watu wa Semalghat bado wanasema kaka yangu hajafa. Wanasema hivyo kwa upole, kama watu wanaonifariji, na ndiyo maana kila nikiwasikia natamani kuwatupia mawe.

Aliitwa Gendalal. Alikuwa fundi wa pampu za maji huku kwetu Nimar, mrefu kiasi kwamba alizoea kuinama kwenye kila mlango, hata ule uliomzidi. Mkewe alipofariki alimpa jirani boksi lake la spana, akaungana na mahujaji wanaouzunguka mto Narmada kwa miguu, ukingo huu wakienda, ukingo ule wakirudi. Wakati huo alikuwa na kidonda kidogo juu ya nyusi, kama punje ya dengu. Nilimwambia amwone daktari. Akacheka. "Kesar, wewe ungekuwa mganga ungewachoma sindano hata mbuzi wazima."

Kwetu hakuna mtoto asiyemjua Ashwatthama. Katika vita vile vikubwa vya kale aliingia kambini watu wamelala, akawaua vijana usingizini. Mungu Krishna akamnyang'anya kito alichozaliwa nacho kwenye paji la uso, akamlaani asife: atangetange maelfu ya miaka na kidonda kisichopona. Inasemwa anatembea kandokando ya Narmada, mtu mrefu kupita wote, akiomba mafuta na manjano ya kupaka kwenye paji. Siku zetu za kuzaliwa mama alitunywesha maziwa yenye ufuta na sukari guru, akataja majina ya wale saba ambao hadithi zetu zinasema hawafi, ili tupate umri kama wao. Jina la kwanza ni lake huyo muuaji. Hata Hanuman, mungu nyani, anamfuata nyuma. Tulikunywa maziwa, tukalamba na kikombe.

Gendalal alifika Semalghat amechoka. Alipanda ngazi za mto, akamwambia mwanamke anayeuza nazi pale juu, "Mama, huna mafuta kidogo na manjano? Paji linaniwasha." Ndivyo mama yetu alivyotutibu kila kitu, goti lililochubuka na mdomo ulioumwa na nyuki. Yule mwuza nazi, Rampyari, akatazama juu, akauona ule urefu, akakiona kidonda, akaanguka miguuni pake.

Mimi habari niliipata kwa mwuza bangili.

"Dada Kesar, hongera! Kaka yako amekuwa mungu."

"Mungu gani?"

"Siyo mungu hasa. Yule wa mafuta."

Nilimkuta chini ya kibanda cha bati, juu ya kitanda cha kamba, shingo imezama kwenye mashada ya maua. Watu walipanga foleni na chupa zao za mafuta ya ufuta, na madebe yaliyojaa yalikuwa yamepangwa nyuma yake hadi ukutani. Udi ulifuka kila upande, lakini harufu ya kile kidonda niliipata tangu kwenye ngazi. Hakikuwa tena punje ya dengu. Kilikuwa kimelishika jicho.

"Kesar," akasema, "umeniletea achari? Hawa wananilisha vitamu tu."

"Twende nyumbani."

"Nimewaambia mimi ni fundi wa pampu. Wanasema hata Ashwatthama lazima aseme kitu ili ajifiche." Akataka kucheka, uso ukamkatalia. "Nikisema naumwa, wanalia kwa furaha."

Mwenye kibanda alikuwa Baba Onkargir, mtawa wa kujipaka majivu, nywele za kamba, ambaye kabla ya kaka yangu alikuwa na hekalu dogo lisilotembelewa hata na kunguru. Nilimwambia nampeleka mgonjwa hospitali.

"Mgonjwa yupi, binti?"

"Huyo unayemkalia mlangoni."

"Huyo ataishi mpaka zama hizi ziishe. Hospitali atafanya nini? Atawazika madaktari wote."

"Kidonda chake kinaoza, Baba. Una pua au huna?"

"Kimelaaniwa na Krishna mwenyewe. Daktari wa wilaya ndiye atakiponya?" Watu wakacheka. Akainua mkono, wakanyamaza. "Wewe unamwona kaka. Ni kawaida. Mapenzi ya dada yanafunga macho."

Nilikuwa nimekuja na mume wangu na gari la kukodi. Tulimshika Gendalal huku na huku, tukamwingiza. Kuwasha gari tu, wanawake wakalala barabarani, vichwa kwenye vumbi, sari zimetandazwa kama nguo za kuanika. Wa mbele kabisa alikuwa Rampyari.

"Nikanyage!" akanipigia kelele. "Mwanangu alikuwa hatembei, leo anatembea. Huyu ndiye alimgusa. Pita juu yangu kwanza!"

"Mama Rampyari, mtu huyu anakufa."

"Weee! Afe wapi? Hajui hata njia ya kufa."

Mume wangu alizima gari. Gendalal akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Waache, Kesar. Nimechoka kubishana." Wakamshusha kwa nyimbo.

Nilirudi mara nyingine, na nyingine, na kila mara walinipa chai nzuri na kunizuia. Mvua zilipokwisha, aliacha kuzungumza. Onkargir akatangaza kwamba ameingia katika tafakuri. Tuliweza kumchukua siku ya maonyesho ya ng'ombe, kijiji kizima kilipovuka mto kwa mashua kwenda ng'ambo. Alikuwa mwepesi. Mtu mrefu vile, mume wangu alimbeba peke yake.

Daktari kule mjini Indore alikuwa kijana na hakuzungusha maneno. Saratani ya ngozi, ilikuwa imeshakula mfupa. "Angeletwa mwanzoni ningeikata kwa sindano ya ganzi," akasema, "jioni yake akarudi kwake na bandeji." Bandeji! Maneno hayo sijayameza mpaka leo. Kaka yangu alifariki hospitalini kabla ya wiki kwisha, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, moto wa kuuchoma mwili wake niliuwasha mimi.

Nilipeleka majivu Semalghat kwa sababu Narmada aliipenda. Kitanda kilikuwa palepale, maua mabichi juu yake, na foleni ya chupa.

"Hayo ni majivu ya mtu mwingine, maskini," Onkargir akaniambia. "Yeye ameondoka kwa miguu, ameelekea chimbuko la mto. Nyayo zake tumeziona kwenye tope. Ndefu hivi."

"Nilimchoma mwenyewe. Kwa mkono huu."

"Ulichoma kivuli. Usilie."

Sikuwa nalia. Niliyamwaga majivu mtoni, na maji yakanifikia kiunoni, na nikiwa mle ndani nikajua nitakachofanya. Walikula uhai wake kwa sababu walimwona si mtu. Basi nitawalisha karamu yake ya matanga, ya siku ya kumi na tatu, hapahapa. Kila mtu kwetu anajua maana ya chakula kile. Hakipikiwi kivuli. Ukikila umekubali kwamba marehemu ni marehemu.

Siku ilipotimia nilishuka kwenye lori la maziwa nikiwa na unga, viazi, boga na sufuria kubwa mbili. Mafuta sikuleta. Nilikwenda kibandani, nikaanza kuburura madebe.

Onkargir alikuja mbio, kitambaa cha kiunoni kikimvuka. "Mwizi! Hayo ni ya Ashwatthama!"

"Alipewa nani?"

"Yeye!"

"Aliyekalia kitanda hiki ni Gendalal, na mrithi wake ni mimi. Kama ni ya Ashwatthama, mwite aje ayadai. Si yuko njiani? Nitamsubiri."

Watu walikuwa wameshakusanyika. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Onkargir aliwatazama wanaume ili wanikamate, mimi mwanamke wa nguo nyeupe za matanga, na hakuna aliyesogea. Nikawasha kuni.

Nilisukuma puri, vile vichapati vyetu vya kukaanga, nikazitia kwenye mafuta, zikafura moja baada ya nyingine. Madebe mengine watu walikuwa wameyatia manjano kabisa, kwa hiyo puri zilitoka na rangi ya maua ya harusi. Harufu ikashuka ngazi mpaka kwa waoshaji wa nguo. Nikatandika sahani za majani mstari mrefu, nikaweka viazi na boga, nikasema kwa sauti, "Ni karamu ya Gendalal, fundi wa pampu. Karibuni."

Hakuna aliyekaa. Watoto walivutwa mikono. Onkargir alisimama mlangoni pa kibanda chake akisema taratibu, "Atakayekula amemkana asiyekufa. Kumbukeni mliyoyaomba." Puri zikaanza kunywea kwenye majani. Nikaendelea kusukuma nyingine.

Aliyetoka ni Rampyari. Mtoto wake alikuwa pembeni, akitembea, mguu mmoja akiuburuta kama, nadhani, alivyouburuta siku zote. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Kweli ulimwona akikata roho?"

"Nilimshika kichwa."

"Alisema nini?"

"Aliomba achari."

Akakaa chini mwanzo wa mstari, akakunja sari magotini. "Alikuwa akiniomba na mimi," akasema. "Nilimnyima. Nilidhani ananijaribu." Akanyoosha sahani. "Haya, nipe puri ya Gendalal."

Nilimpa. Akaimega, akala, machozi yanashuka na yeye anatafuna. Nyuma yake akakaa mwuza maziwa, kisha waoshaji wa nguo, kisha wengine, si wote. Wengi walikwenda zao. Onkargir alifunga mlango wa kibanda, na najua kesho yake aliufungua.

Rampyari alimaliza, akalamba kidole, hakuthubutu kunitazama. Sijamsamehe. Nikamwongeza puri nyingine, na achari.