Upande wa Pili wa Santuri

Aharibuye kitu cha maktaba hukilipa kwa chake kinachofanana nacho, na jina lake huandikwa kwa wino mwekundu katika daftari la hasara. Kanuni hiyo aliitunga Mkutubi wa Muziki mwenyewe, akaibandika mlangoni pake miaka thelathini iliyopita. Hata wafagiaji waliijua kwa moyo.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa akipiga picha lebo ya santuri, kama alivyokwisha kupiga maelfu, simu ikamwita. Aliporudi, joto la taa aliyoisahau lilikuwa limeikunja santuri kama jani kavu. Maktaba haikuwa na nakala nyingine, na mwimbaji wake, bibi aliyenyang'anywa sauti na maradhi ya koo, angefika saa nane kujisikiliza.

Nakala ya pili ilikuwako, kabatini kwake nyumbani. Gazeti lilimpa aihakiki alipokuwa kijana mwenye kalamu kali, naye akaandika kwamba sauti ile ni ya bawaba isiyotiwa mafuta. Bibi yule hakurekodi tena. Ingekuwa rahisi kumwambia, "Santuri imepotea, mama." Mkutubi aliitazama kanuni yake mlangoni, akavaa kofia, akaenda kuileta.

Saa nane Mkutubi alimweleza bibi yaliyotokea, naye akaugeuza mfuko wa nakala ile. Palikuwa na mhuri wa gazeti, na maandishi ya penseli, "bawaba", kando ya nyimbo za upande wa kwanza.

"Kumbe mwandishi wa bawaba ni wewe!" alinong'ona kwa sauti ya kukwaruza. "Basi furahi, sauti ya bawaba sasa ninayo kweli."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza. Upande wa pili mbona hukuandika kitu?"

Mkutubi aliinamisha kichwa. "Sikuusikiliza. Gazeti lilikuwa likingoja."

"Ala! Ukamhukumu ng'ombe kwa kuona mkia?"

Mkutubi aliigeuza santuri. Aliweka sindano kwenye upande wa pili. Sauti ikatoka changa, pana, isiyo na haraka, ikakijaza chumba mpaka kwenye rafu za juu. Bibi alifumba macho, midomo ikifuata maneno. Mkutubi alisikiliza hadi mwisho, akiwa amesimama.

Kisha alifungua daftari la hasara, akachovya kalamu katika wino mwekundu, akaandika jina lake.

"Na sababu uitaje," alisema bibi.

Akaandika: *Santuri moja, kwa uzembe. Upande mmoja, kwa haraka. Imelipwa kwa nakala yangu.*

Bibi alisoma polepole, akalifunga daftari.

"Haya, Bwana Mhakiki. Rudisha sindano mwanzo."