Kitambaa cha Ndani

"Inua mkono, Mama."

Mama aliinua. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukakataa kuendelea. Binti yake, pini tatu zikiwa midomoni, akampitishia gauni kichwani polepole. Lilikuwa la bluu lenye vitone vyeupe, la kuendea kliniki. Lilimkaa sawasawa, mabega mahali pake, kiuno mahali pake.

"Waone wenzangu wa wadi ile, wamebaki mifupa," alisema Mama. "Mimi saratani imenionea haya."

"Imekujua ulivyo mkali."

"Tangu lini wewe ukanisifu?"

Binti akatoa pini midomoni ili acheke, halafu kicheko hakikuja.

Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani iliyokuwa pale dirishani ilikuwa ya Mama kabla ya kuwa yake. Tangu ini la Mama liugue, kila Mama alipopitiwa na usingizi mchana, binti alichukua nguo zake mojamoja akazipunguza, vidole viwili kila upande. Mwezi ukiisha, vidole viwili tena. Hakukata wala hakufumua. Kitambaa kilichozidi alikikunja ndani akapiga mshono mwingine, ili siku Mama akinenepa iwe kazi ya dakika kumi tu. Kioo cha kabati alikigeuzia ukutani, akasema kimepasuka. Namba za mzani wa kliniki, macho ya Mama hayakuziona tena.

Ila juzi muuguzi alimvuta binti pembeni. Dripu za saratani hazisaidii tena, alisema. Imebaki dawa ya maumivu, nayo Mama atainywea nyumbani.

Leo ilikuwa siku ya dripu. Mama alikuwa ameoga mapema, amejipaka mafuta, amekaa kitandani na mkoba mapajani. Binti alikuwa amepanga kusema wamepiga simu, mashine imeharibika. Alifungua mdomo.

"Ngoja," alisema Mama. Mkono wake ulikuwa umesimama ubavuni, chini ya kwapa. "Hebu nivue hili."

"Tutachelewa, Mama."

"Nivue."

Akaligeuza gauni nje ndani, akalilaza mapajani, akaanza kupapasa mshono kwa kidole gumba, kama zamani alipokagua kazi ya wanafunzi wake.

"Huu wangu wa zamani. Huu wa kwanza. Huu wa pili." Kidole kikasogea. "Na huu wa tatu. Nani kakufundisha kupunguza nguo bila kukata?"

"Wewe."

"Mwongo mkubwa. Mimi nilisema kikizidi ukate, kisimsumbue mteja." Akakibonyeza kitambaa kilichokunjwa. "Kumbe ndicho kinachonichoma mbavu kila nikilala. Mwezi mzima nameza vidonge vya mshono wako!"

Alicheka mpaka akakohoa. Binti akampa maji. Nje mtu alikuwa anafagia, ufagio ukienda na kurudi.

"Fundi," alisema Mama, "leo tunakwenda dripu?"

"Hatuendi."

"Leo tu?"

Binti alizitazama pini kiganjani.

"Hatuendi tena, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa vipimo anavyovijua tayari. Akauweka mkoba chini ya kitanda.

"Leta mkasi. Kata hiki kitambaa, nilale vizuri."

Binti alikata upande wa kulia. Utepe mrefu wa bluu uliangukia miguuni pake. Akageuza gauni, akaufungua mkasi kwenye upande wa kushoto, ukabaki hivyo hivyo wazi.

Mama alikuwa amejikumbatia, mabega yametoka vipele vya baridi. "Mteja anaganda hapa."

"Huu nitaukata kesho."

Mama alinyoosha mikono avikwe.

"Haya. Kesho."

Akavikwa gauni lake, akalalia ubavu wa kulia. Mshono wa kushoto ulituna chini ya vitone vyeupe, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka.